Tozo ya Bondeni



Juma lililopita mmoja wenu aliniuliza iwapo ni vyema serikali kumkabidhi mfanyabiashara barabara ya watu wote. Nilimjibu upesi, kama mwalimu ajibuvyo kengele ikiwa imekwisha kulia, na jibu langu halikuniridhisha. Leo napenda kulirudia swali hilo kwa utulivu, kwa sababu liliwahi kunikabili hapa hapa Kabingo, nami sikulijibu vizuri wakati ule pia.

Kwa msiopajua kwetu: tupo katika wilaya ya Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda. Upande mmoja tunapakana kwa shughuli na makazi ya wakimbizi ya Nakivale, ambayo yamekuwapo tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, na ambamo mtu husikia Kiswahili cha Kongo, Kirundi, Kinyarwanda na Kisomali katika soko moja. Upande wa pili ipo Mbarara, iliyopata hadhi ya jiji tarehe 1 Julai 2020, yenye hospitali ya rufaa, benki na maduka ya jumla. Ndizi na maharage yetu huenda Mbarara. Dawa, sabuni na madaftari hurudi. Barabara kuu ya Mbarara kuelekea Kikagati, mpakani na Tanzania, ni ya lami. Lakini watu hawaishi juu ya lami. Wanaishi ndani, na njia za ndani ni za udongo, tena baadhi yake hukatiza mabonde ya mafunjo ambayo wakati wa mvua hayana tofauti na ziwa.

Bonde moja kati ya hayo ndilo chanzo cha kisa hiki. Masika ya mwaka mmoja maji yalichukua karavati mbili za zamani na kipande cha tuta kirefu kama uwanja wa mpira. Bodaboda zikawa zinasimama upande huu, abiria wakavua viatu, wakavuka kwa miguu, wakapanda bodaboda nyingine upande wa pili, na wakalipa nauli mbili. Ndizi ziliiva zikiwa kwenye mikokoteni. Jirani yangu alimvusha mkewe mwenye uchungu wa uzazi akiwa ameketi juu ya kiti cha mbao kilichobebwa na vijana wanne, maji yakiwafika kiunoni. Mtoto alizaliwa salama, lakini baba yake hadi leo hapiti mahali pale bila kunyamaza kwanza.

Ndipo akaja mfanyabiashara mmoja mwenye malori mawili. Jina lake silitaji. Alisimama mkutanoni chini ya mparachichi, akasema kwa adabu: “Wazee wangu na mama zangu, mimi pia mali yangu inaoza. Nitajaza mawe, nitaweka karavati nne mpya na kuinua tuta kwa fedha yangu. Nyinyi mnipe ruhusa nitoze wanaopita kwa miaka mitano. Bodaboda shilingi 500, gari dogo 2,000, lori 5,000. Mwenye miguu yake apite bure.” Kisha akatoa karatasi ya kurasa mbili. Mwenyekiti wa kijiji akaipokea kwa mikono miwili, akanipa mimi. “Mwalimu, tusomee. Wewe ndiye jicho letu.”

Kwa kuwa ninyi ni wanafunzi wa lugha, niruhusuni nisimame hapa kidogo. Mpango wa namna ile, uwe wa bonde la kijiji au wa reli ya nchi mbili, huitwa ubia baina ya sekta ya umma na sekta binafsi. Ubia umetokana na bia. Siyo ile ya chupa, msicheke, bali neno la zamani la ushirika: watu wakila bia, kila mmoja hutoa fungu lake. Mbia ni mshirika katika mali. Neno lenyewe limebeba faida na hasara pamoja, maana hakuna mbia wa faida peke yake. Huyo anaitwa jina jingine. Na uchunguzi unaopaswa kutangulia ubia, Kiswahili rasmi kimeupa jina la upembuzi yakinifu. Kupembua ni kazi ya ungo: mtu anatikisa nafaka mpaka makapi yajitenge na punje. Yakinifu ni chenye yakini. Ni istilahi nzuri kuliko nyingi tulizotunga, nami nililijua neno hilo vizuri kabisa siku niliyopewa ile karatasi. Kujua neno ni jambo moja.

Niliamua kupembua. Nilichukua wanafunzi wawili na daftari, tukakaa kandokando ya bonde, upande wenye kivuli, tukahesabu kila aliyefika majini. Jioni tulikuwa na bodaboda 200, magari madogo 20 na malori 8. Nikapiga hesabu kwa viwango vyake: bodaboda shilingi 100,000, magari madogo 40,000, malori 40,000. Jumla 180,000 kwa siku, yaani milioni 5.4 kwa mwezi wa siku thelathini. Yeye alidai kazi ingemgharimu shilingi milioni 60. Kwa hesabu yangu angerudisha fedha yake yote ndani ya miezi kumi na miwili, na miaka minne iliyobaki ingekuwa faida tupu. Nilirudi mkutanoni nikiwa na hasira ya mtu aliyegundua wizi. Nikasema miaka miwili inatosha. Watu wakapiga makofi. Yule bwana alinyamaza kitambo, akaomba miaka mitatu, akanyimwa, mwishowe akatia saini.

Siku tuliyohesabu ilikuwa siku ya mnada.

Nimeandika sentensi hiyo peke yake kwa sababu ndivyo ilivyoniangukia miezi mitatu baadaye, nilipokuwa nikipita pale Jumanne nikamkuta kijana wa kizuizi amelala usingizi kwenye benchi lake. Siku za kawaida hazikufikia hata theluthi moja ya tulichohesabu; mapato yake yalikaribia shilingi 60,000. Kwa miaka miwili hiyo ni kama milioni 43, nayo haifiki 60. Tena kiangazi kilipokolea, waendesha bodaboda walipata kijia kwenye udongo uliokauka, mita mia kadhaa kutoka kwenye tuta, wakapita bure. Hilo sikuliwaza kabisa. Niliwahesabu watu waliokuwa hawana njia nyingine, nikadhani watabaki hawana njia nyingine.

Nilijifariji baadaye kwa kugundua kwamba wenye elimu kubwa kuliko yangu hukosea hivyo hivyo, tena kwa fedha nyingi zaidi. Mtafiti Bent Flyvbjerg wa Denmark na wenzake walichapisha mwaka 2005 uchunguzi wa makadirio ya abiria na magari katika miradi ya uchukuzi ya nchi mbalimbali. Katika miradi ya reli, tisa kati ya kumi ilikadiriwa abiria wengi kuliko waliokuja kupatikana, na kwa wastani makadirio yalizidi ukweli kwa asilimia 106. Sidhani wote waliokadiria walikuwa waongo. Wengine, nina hakika, walihesabu siku ya mnada.

Afrika Mashariki tunayo mifano yetu. Tarehe 1 Novemba 2006 reli ya Kenya na Uganda, ile itokayo Mombasa hadi Kampala, ilikabidhiwa kampuni ya Rift Valley Railways kwa mkataba wa miaka 25. Kampuni ingeendesha treni, ingewekeza katika njia na vichwa vya treni, na kila mwaka ingezilipa serikali asilimia 11.1 ya mapato ghafi. Kwenye karatasi, umma ulikuwa umetua mzigo na kubaki kupokea. Wabia wakubwa wa kampuni walibadilika, kutoka Sheltam ya Afrika Kusini hadi Citadel Capital ya Misri; mizigo haikuongezeka kama ilivyotarajiwa, na malori yakaendelea kutawala njia ya kwenda pwani. Mwaka 2017 mkataba ulivunjwa, kabla haujafika hata nusu ya muda wake. Tanzania nayo ilikuwa imekwisha kupita njia hiyo: mwaka 2007 reli ya kati ilikodishwa kwa miaka 25 kwa kampuni ambamo RITES ya India ilikuwa na asilimia 51 ya hisa na serikali 49. Mwaka 2011 ubia huo ulikwisha na reli ikarudi mikononi mwa serikali.

Nataka mtambue jambo moja katika visa hivyo viwili. Kampuni inaweza kuondoka, reli haiondoki. Siku mkataba unapovunjika, mataruma yaliyooza yanabaki kuwa ya mwananchi, pamoja na mfanyakazi anayedai mshahara wake na mfanyabiashara ambaye mzigo wake umelala stesheni. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba mwekezaji amebeba hatari yote, muulize: akishindwa, nani atapita hapa kesho?

Bondeni kwetu kuanguka kulikuja polepole. Kwanza nilisikia kwamba karavati zilizowekwa ni mbili badala ya nne. Nilikwenda kuzihesabu mwenyewe: mbili. Alipoulizwa alisema kwamba nyingine mbili zingewekwa “hali ikiwa nzuri”. Baadaye kijana wa kizuizi akaanza kuwatoza wanawake waliobeba mizigo kichwani, kwa hoja kwamba karatasi ilisema mwenye miguu apite bure, haikusema mwenye kichwa. Watu walicheka siku ya kwanza. Siku ya pili mama mmoja Mkongo, muuza mboga, alimwaga mchicha wake wote miguuni pa yule kijana na kumwambia achague tozo yake humo. Tozo ya kichwa ikafa siku hiyo, lakini mashimo ya tuta yakaanza kuonekana, na hakuna aliyeyaziba, kwani karatasi niliyoisoma kwa umakini, nikaikokotolea hadi shilingi ya mwisho, haikuwa na neno hata moja juu ya matengenezo.

Mwezi wa kumi na nne hakuja tena. Gogo la kizuizi lilibaki limelala pembeni. Mvua zilizofuata zilila upande mmoja wa tuta.

Tulilijenga upya kwa mikono. Kazi hiyo Wakongo waliiita salongo na Wanyarwanda wakaiita umuganda, na wote walishika jembe lile lile. Fundi mmoja wa uashi aliyekuwa akipanga mawe aliniita, akanionyesha kilichokuwa chini. “Mwalimu, kazi hii haifiki hata nusu ya milioni sitini.” Nikasimama pale na matope yangu magotini nikipiga hesabu upya. Kwa miezi kumi na minne alikuwa amekusanya kama milioni 25. Ikiwa fundi alisema kweli, mtu yule hakupata hasara kubwa, pengine hakupata hasara kabisa. Nilikuwa nimekadiria mapato yake kwa bidii zote, lakini gharama niliipokea kutoka kinywani mwake kama mtu apokeavyo salamu. Hadi leo sijui kama tulimdhulumu sisi au alitudhulumu yeye. Upembuzi wangu ulikuwa na ungo wenye matundu pande zote mbili.

Jambo la tatu lililonipita lilikuwa jepesi kuliko yote, nalo ndilo lililowaumiza watu zaidi. Tozo ya bodaboda ilikuwa shilingi 500. Siku ya kwanza ya kizuizi, nauli ilipanda kwa shilingi 1,000, na kizuizi kilipokufa nauli haikushuka. Nani, basi, alilipia tuta? Daftari langu lilisema ni waendesha bodaboda. Ukweli ni kwamba alilipa mama anayekwenda kliniki na mwanafunzi anayekwenda mtihani. Na mkimbizi anayeishi kwa posho ndogo ya mwezi alilipa kama alivyolipa mwenye duka. Anayenyoosha mkono kwenye kizuizi mara nyingi siye anayelipa.

Swali hilo la nani analipa hunisaidia siku hizi kuzitofautisha barabara ambazo magazeti huziweka kapu moja. Chukueni barabara ya mwendo kasi ya Kampala hadi Entebbe, yenye kilometa 51 pamoja na tawi la Munyonyo, iliyofunguliwa Juni 2018. Iligharimu dola milioni 476, na dola milioni 350 kati ya hizo ni mkopo wa Benki ya Exim ya China kwa serikali. Tangu Januari 2022 gari dogo hulipa shilingi 5,000, na kampuni ya Egis ya Ufaransa ndiyo iliyopewa kazi ya kukusanya tozo na kuitunza barabara. Wengi huiita ubia. Mimi naona deni ni la serikali: magari yapite au yasipite, mkopo unalipwa, na anayeulipa ni pamoja na mkulima wa Isingiro asiyewahi kuuona uwanja wa ndege. Nairobi walifanya vingine. Ile barabara ya juu ya kilometa 27, kutoka Mlolongo hadi Westlands, ilijengwa na China Road and Bridge Corporation kwa fedha ambazo mjenzi ndiye aliyezitafuta, na magari yakaanza kuitumia Mei 2022. Anazirudisha kwa tozo katika mkataba wa miaka 27. Chini yake barabara ya zamani bado ipo, na asiye na fedha hupita huko bure, akitazama nguzo.

Mfano unaonifaa zaidi, hata hivyo, upo jirani. Ukisafiri kutoka Mbarara kwenda Kampala utapita Masaka, na ukikata kulia kuelekea ziwani utafika Bukakata. Hapo vivuko viwili, MV Pearl na MV Ssese, huvusha watu na magari hadi Luku katika kisiwa cha Bugala, wilaya ya Kalangala. Vivuko hivyo vilikabidhiwa kampuni binafsi, Kalangala Infrastructure Services, ambayo pia ilipewa kazi ya kuboresha barabara kuu ya kisiwani yenye kilometa 66. Nilipanda kivuko pale nikiwa nimeshika fedha mkononi, nikimtafuta wa kumlipa. Hakuna. Abiria havuki kwa nauli. Serikali ndiyo iliyokuwa ikiilipa kampuni kwa huduma iliyotolewa. Mvuvi mwenye kapu moja la sato na tajiri mwenye gari huvuka sawasawa. Nilifurahi sana, kisha, kwa kuwa nilikwisha kuumwa na nyoka, nikajiuliza bei ya furaha yangu imeandikwa kwenye daftari gani. Imo katika hazina ya taifa, nayo hulipwa kila mwaka, iwe bajeti imeshiba au ina njaa. Hata hivyo, kama ningelazimika kuchagua mpango wa bonde letu, ningechagua wa namna hiyo kuliko gogo la kizuizi. Mtu anayevuka maji kwenda hospitali hapaswi kusimama kutafuta shilingi 500. Wapo wenzangu wasiokubali. Husema kinacholipiwa na hazina hakihesabiwi na mtu, ilhali anayelipa kwa mkono wake hupiga kelele karavati zikiwa mbili badala ya nne. Wana hoja, maana hata sisi tulipiga kelele. Lakini karavati zilibaki mbili.

Nchi zetu zimekwisha kutunga sheria za mambo haya: Tanzania mwaka 2010, Kenya mwaka 2013 na tena 2021, Uganda mwaka 2015. Zinadai upembuzi ufanyike kabla ya mkataba. Karatasi yetu ya kurasa mbili ilikuwa ndogo mno kufika huko. Ilipata mhuri wa kijiji basi, ikawekwa ndani ya Biblia ya mwenyekiti isikunjwe.

Mwaka huu mtu mwingine amekuja. Anataka bonde lile lile, kwa miaka minne, na karavati sita. Ni mtu mpole, na kosa la mtangulizi wake si lake. Mwenyekiti alinipa tena karatasi, nami nikaomba majuma mawili kabla ya kuisoma hadharani. Nimekwenda kwa yule fundi wa uashi, akanipigia hesabu ya mawe, saruji na karavati bila kumwonyesha ile ya mwenye tenda. Nimeandika pembeni mwa karatasi mambo ambayo haikuyataja: nani ataziba shimo, na ndani ya siku ngapi, mapato yakipungua muda utaongezwa au la, yakizidi, nani atagawana, tuta likichukuliwa na maji mwezi wa pili, ni maji yake au yetu, akiondoka, atatuachia nini.

Na tunahesabu tena. Safari hii ni siku saba mfululizo, kuanzia alfajiri hadi giza, na wanafunzi wanapokezana zamu. Tutarudia kiangazi. Jumatano ilikuwa zamu ya msichana mmoja wa kidato cha pili, mwenye mwandiko mzuri kuliko wangu. Hadi saa tano asubuhi alikuwa ameandika bodaboda kumi na tisa, lori moja, baiskeli nne. Nilipofika aliniuliza kama amwandike pia bibi mmoja aliyefika ukingoni na kuku wawili mkononi, akayatazama maji kwa muda, kisha akageuka kurudi alikotoka. Safu ya waliopita haikuwa na mahali pake.

Nilimwambia achore safu nyingine.